Herufi C na Kivuli Chake: Historia ya Tahajia Moja ya Kiswahili



Ukifungua kamusi ya Kiswahili sanifu, baada ya maneno yanayoanza na B utakutana na maneno yanayoanza na Ch. Hutakutana na C. Kwa mujibu wa tahajia tuliyorithi, hakuna neno la Kiswahili linaloanza na C inayofuatwa na irabu, wala lenye C ya namna hiyo katikati. Hata hivyo, ni nadra kupata ukurasa wa Kiswahili usio na herufi hiyo: chakula, chumba, mchana, nchi, kucheka, kichwa, na cha cha uhusiano ambacho bila yake hatuwezi hata kutaja chama wala chuo. C ipo kila mahali, na popote ilipo inafuatana na H kama mtu na kivuli chake. Katika lugha ambayo tumezoea kuisifu mbele ya wageni kwamba kila herufi yake ina sauti moja na kila sauti ina herufi moja, hali hii inastahili kuulizwa sababu.

Madai yangu jioni ya leo ni haya: maumbo ya fonolojia ya Kiswahili hayakuidai H hiyo. Tuliipata kwa njia ndefu ya mazoea ya waandishi wa mataifa mengine, na ilipofika wakati wa kuamua, kati ya mwaka 1925 na 1930, mazoea hayo yakapewa nguvu ya sheria. Uamuzi huo una gharama, na gharama yenyewe haikuwaangukia Waswahili wote kwa usawa.

Tuanze na suala la kiisimu, maana ndilo jepesi. Kiswahili sanifu kina jozi kadhaa za herufi ambazo ya pili ni H: sh, th, dh, gh, kh na ch. Katika nyingi ya jozi hizo H ina kazi. Ukiiondoa katika kushuka unapata kusuka. Ukiiondoa katika thamani unapata tamani. Herufi zinazobaki, yaani S, T, D, G na K, zina sauti zao tayari, kwa hiyo H ndiyo inayotenganisha neno na neno. Sasa iondoe katika chukua. Unapata cukua, na cukua haligongani na neno lolote, kwa kuwa C peke yake haina kazi nyingine. Katika jozi ya ch, basi, H haipambanui chochote. Wanaisimu wengi wanaponukuu fonimu za Kiswahili huandika c tupu, wakaendelea na kazi yao bila kupungukiwa na kitu.

Aidha, sauti yenyewe si ngeni wala si ya pembeni. Ni kipasuo-kwamizwa cha kaakaa, kisichoghuna, mwenzake J aliyeghuna kwa Waswahili wengi wa bara. Imejikita katika sarufi yetu kwa kina. Kiambishi ngeli ki- kikikutana na mashina mengi yanayoanza na irabu hugeuka kuwa ch-: ch-ombo, ch-ama, ch-eupe, ch-angu, dhidi ya vy-ombo, vy-ama, vy-eupe, vy-angu. Wanafunzi watanikumbusha kiatu, kiazi na kiuno, ambavyo havikugeuka, na wana haki. Lakini hayo ni masuala ya mofolojia yenye historia yake, na leo siyagusi. Nataka tu ionekane kwamba sauti hii ni ya Kibantu ndani ya Kiswahili, ingawa imepata pia wageni wengi, kama vile chai, chapati na cheti kutoka Bara Hindi. Hata kitenzi kuchapa kwa maana ya kutoa maandishi kwa mashine asili yake ni huko, na kitabu cha kwanza cha Kiswahili kilipochapwa, neno la kuitaja kazi hiyo lilianza na sauti hii hii ambayo wachapaji walikuwa hawajaafikiana waiandikeje.

Herufi C ilitoka wapi? Jibu la kawaida ni Roma, lakini sisi wa pwani tuna njia fupi zaidi ya kulifikia. Neno letu abjadi limeundwa kwa herufi nne za kwanza za mpangilio wa kale wa Kiarabu: alifu, be, jimu, dali. Ziweke sambamba na A, B, C, D. Mpangilio ni mmoja. Herufi ya tatu ya Wafoinike iliyoitwa gimeli ikawa jimu kwa Waarabu na gama kwa Wayunani. Gama ikapita mikononi mwa Waetruski wa Italia, na kutoka kwao Warumi wakapata C. Jimu na C, kwa hiyo, ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba mbili.

Safari hiyo ndiyo iliyoivuruga sauti. Gama ya Wayunani ilikuwa G. Waetruski hawakuwa na tofauti ya vipasuo vilivyoghuna na visivyoghuna, wakaitumia kwa sauti ya K. Warumi, waliokuwa na tofauti hiyo, walirithi herufi moja kwa sauti mbili, na kwa muda waliandika K na G kwa C ile ile. Alama ya zamani hizo ilibaki katika vifupisho vya majina: Gaius aliendelea kufupishwa C., na Gnaeus Cn., hata baada ya karne ya tatu kabla ya Kristo, wakati C ilipoongezwa kijistari na kuzaa G. Plutarch anamtaja Spurius Carvilius kuwa ndiye aliyeibuni. Tangu hapo C ya Kilatini ikawa K safi mbele ya kila irabu. Biblia ya Kiswahili, iliyoyapata majina ya Kirumi kwa njia ya Kiyunani, imeitunza sauti hiyo kwa uaminifu kuliko Warumi wa leo wenyewe: Kaisari, Klaudio, Kornelio. Mwitaliano humwita Kaisari Cesare, akianza na sauti yetu ya che. Mfaransa humwita César, akianza na S. Hayo ni matokeo ya C kulainika mbele ya E na I katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, na ndiyo asili ya tabia ya C kuwa na nyuso mbili katika Kiingereza. Kiswahili kimeibaini tabia hiyo bila kufundishwa. Neno bicycle lina C mbili. Baiskeli imeipa ya kwanza S na ya pili K, kila moja mahali pake.

Na H? Hapa pana jambo ambalo nawaomba mlishike, maana nitalirejea. Warumi walipoanza kuandika maneno ya Kiyunani yenye sauti ya K inayotamkwa kwa mpumuo, waliongeza H baada ya C. Ndiyo asili ya maandishi kama chorus na Christus. H katika ch, basi, ilianza maisha yake ikiwa alama ya mpumuo. Ni baadaye tu, katika Ufaransa ya Zama za Kati, ambapo waandishi waliitumia ch kuandika sauti mpya iliyozuka katika lugha yao, sauti sawa na ya chakula. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi wao waliwakuta Waingereza wakiandika cild na cirice kwa C tupu. Wakaingiza ch yao, na maneno hayo yakawa child na church. Kifaransa chenyewe kiliendelea kubadilika hata ch ikawa sh. Kiswahili kina kumbukumbu ya hatua zote mbili: chifu kinatokana na neno la Kifaransa lililoingia katika Kiingereza mapema, mashine inatokana na neno lililoingia baada ya badiliko hilo. Kwa Kiingereza zote mbili zinaandikwa kwa ch. Kiswahili, ambacho huandika kinachosikika, kimezitenganisha.

Kwa hiyo ch ya Kiswahili ni tahajia ya Kinormandi iliyopitia Uingereza. Haikuwa, hata hivyo, ya kwanza kuandika sauti hii katika Kiswahili. Waswahili walikuwa wakiandika kwa hati za Kiarabu karne kadhaa kabla ya wamisionari kufika, na tatizo la che walilijua vizuri, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti hiyo. Wengine waliandika shini na kumwachia msomaji atambue kwa muktadha. Wengine waliazima che ya Kiajemi, ambayo ni jimu yenye nukta tatu badala ya moja. Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Gimeli ya Wafoinike ilizaa jimu, jimu ikaongezwa nukta ikawa che. Gimeli hiyo hiyo ilizaa C, C ikaongezwa H ikawa ch. Herufi hizi ndugu zilikutana Unguja katika karne ya 19 zikidai kuandika sauti moja ya lugha moja. Sijui kama kuna herufi nyingine katika tahajia yetu yenye makutano ya namna hiyo.

Aliyeipa ch ushindi, kwa vitendo, ni Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, akatoa mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kinavyozungumzwa Unguja, pamoja na mkusanyo wake wa hadithi. Kanuni aliyoifuata, na ambayo wamisionari wengi wa Kiingereza waliifuata, ilikuwa irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Kwa kanuni hiyo ch ilijiingiza yenyewe. Tusimlaumu kupita kiasi. Miaka michache kabla, mwanazuoni wa Kijerumani Richard Lepsius alikuwa amependekeza alfabeti ya kuandikia lugha zote za dunia, iliyojaa alama za juu na za chini. Mtu mwenye mashine ndogo ya chapa kisiwani, na herufi za risasi zilizoundwa kwa ajili ya Kiingereza, hawezi kuchapa alama asizokuwa nazo. Steere alikuwa mchapaji pamoja na kuwa mwanalugha, na nadhani mchapaji ndiye aliyeamua.

Wengine waliandika kwa masikio ya kwao. Wareno katika karne ya 16 waliuandika mji wa Mvita Mombaça, kwa C yenye mkia. Wajerumani walituachia Kilimandscharo, herufi nne kwa ajili ya sauti moja. Wabelgiji, ambao Kifaransa chao kiliisoma ch kama sh, walilazimika kutanguliza T, na ndiyo sababu mto unaopita karibu na Kisangani unaandikwa Tshopo hadi leo, na nchi ya Chad kwa Kifaransa inaandikwa Tchad. Kila dola lilikuwa na ch yake. Lililoshinda vita vya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki ndilo lililokuja kuamua.

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulitaka Kiswahili kisanifishwe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao Carl Meinhof alihudhuria, ukakubali Kiunguja kiwe msingi. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Vitabu vya shule vilipitia mikononi mwake kabla ya kukubaliwa. Tahajia iliyopita ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ile ya Steere iliyonyooshwa.

Je, kulikuwa na njia nyingine mezani? Ilikuwapo, tena iliyochapwa. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926 chini ya uongozi wa watu kama Diedrich Westermann, ilitoa mwongozo wake wa tahajia ya lugha za Kiafrika katika miaka hiyo hiyo, na humo C iliyosimama peke yake ilikuwa na nafasi ya kuandika sauti hii, sambamba na J. Kihausa kinaandika C tupu mpaka leo. Kinyarwanda na Kirundi vivyo hivyo. Kiswahili kiliipita njia hiyo kwa sababu kilikuwa tayari na nusu karne ya vitabu vilivyochapwa, na mwenye maktaba hababaiki kirahisi na ushauri wa mwenye kuanza.

Kwamba herufi hii ilikuwa wazi kupewa kazi yoyote, ulimwengu wa wakati ule ulikuwa ukishuhudia. Mwaka huo huo wa 1928, mkutano wa Mombasa ulipokuwa ukikaa, Uturuki iliacha hati za Kiarabu na kuipa C sauti ya J yetu, na C yenye mkia ikapewa sauti ya che. Miaka 44 baadaye, 1972, mambo mawili yalitokea ambayo mwanafunzi wa tahajia yafaa ayakumbuke pamoja. Mwezi wa Agosti, Malaysia na Indonesia, zilizokuwa zikiandika lugha ile ile kwa tahajia mbili, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiholanzi, ziliafikiana: ch ya Malaysia na tj ya Indonesia zote zikafutwa, ikabaki C. Mjukuu aliyekuwa chuchu kwa Wamalaysia na tjutju kwa Waindonesia akawa cucu kwa wote. Mwezi wa Oktoba, jirani zetu Wasomali walitangaza kuandika lugha yao kwa hati za Kirumi, na C wakaipa kazi ambayo hakuna Mrumi aliyeiwazia: sauti ya aini. Ali wetu kwao ni Cali, na Omari ni Cumar. Mswahili anayeyasoma majina hayo gazetini akayatamka kwa S au K amesoma Kiingereza ndani ya Kisomali.

Mfano wa Malaysia mara nyingi hutolewa na wale wanaotaka tuifute H. Nauheshimu, lakini haufanani na wetu. Huko mataifa mawili yalikuwa na kurasa mbili na yakataka moja. Tanzania na Kenya zilikuwa na ukurasa mmoja tangu 1930, kwa hiyo msukumo wa kisiasa wa kubadili haukuwapo. Mabadiliko ya tahajia hayafanikiwi kwa hoja za kiisimu peke yake. Yakiwa hayana haja nyingine nyuma yake, watu hawaoni sababu ya kujifunza upya kuandika nchi yao.

Nilisema gharama haikuwaangukia wote kwa usawa. Tuitazame.

Katika lahaja za kaskazini, maneno mengi ambayo Kiunguja kina ch yana t: macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka, nchi ni nti, kichwa ni kitwa. Kusanifishwa kwa Kiunguja kuliifanya ch iwe alama ya usanifu wenyewe, na mtoto wa Lamu alipofika shuleni alisahihishwa neno alilonyonya kwa mama yake. Hilo, hata hivyo, ni suala la uteuzi wa lahaja, na lingekuwapo hata kama tungeandika C tupu. Lililo la tahajia hasa ni mpumuo.

Kimvita, miongoni mwa lahaja zinazohifadhi tofauti hii, hutofautisha vipasuo vinavyotamkwa kwa mpumuo na visivyo na mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo. Paa wa porini anao. Kaa la moto halina. Kaa wa pwani anao. Sababu ni ya kihistoria: majina ya ngeli ya N yalikuwa na nazali mbele ya konsonanti isiyoghuna, nazali ikatoweka, ikaacha pumzi mahali pake. Chungu cha kupikia, ambacho wingi wake ni vyungu, kimetokana na ki- na hakina mpumuo. Chungu wale wadudu weusi wako katika ngeli ya N, na wana mpumuo. Kwa sikio la mzee wa Mvita hayo ni maneno mawili. Kwa jicho la kamusi ni neno moja lililoandikwa mara mbili.

Rudini sasa kwa Warumi. H iliyowekwa baada ya C kwa ajili ya Wayunani ilikuwa alama ya mpumuo. Kama Kiswahili kingeandika C kwa sauti tupu, ch ingebaki huru kuandika sauti yenye mpumuo, na cungu na chungu vingetengana kwa njia ya wazi kabisa, ya kale kuliko Kiingereza. Tahajia yetu ilichukua alama ya mpumuo ikaitumia pasipo na mpumuo, na pale penye mpumuo ikakosa cha kuandika.

Sitaki kuikuza hoja hii kuliko inavyostahili. H ile ile isingetusaidia katika T na K, maana th na kh zilikwisha kupewa sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu. Mpumuo wa k'aa na t'ando ungehitaji alama nyingine vyovyote vile, na wanazuoni walioandika Kimvita kwa uangalifu walitumia ritifaa au alama kama hiyo. Hata hivyo, tofauti inayoandikika kwa gharama ndogo ni hii ya ch, na ndiyo iliyofungiwa mlango mapema zaidi. Mwanafunzi wa ushairi wa Mvita anayetegemea nakala za hati za Kirumi hana budi kujua kwamba anasoma maandishi yaliyopungukiwa.

Gharama ya pili ni ya karibu zaidi na imekuwa ikiongezeka. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwanafunzi wa Kigali au Bujumbura anakuja kwenye Kiswahili akiwa na C inayosema peke yake, na tunamfundisha kwamba kwetu haisemi bila mwenzake. Hilo analimudu kwa juma moja. Sisi ndio tusiomudu la kwake. Watangazaji wetu husoma Cibitoke kana kwamba inaanza na S, ilhali mtu yeyote wa huko huanza na chi. Nchini Kenya jina moja la Kikikuyu huandikwa Wacera na huandikwa Wachera, na karani wa ofisi huwahesabu wenye majina hayo kuwa watu wa majina mawili. Hii si kasoro ya Kikikuyu wala ya Kirundi. Ni sisi tuliofundishwa kuwa C ni mali ya Kiingereza, tukaisoma Kiingereza popote tunapoikuta.

Msimamo wangu, kwa wanaopenda kuujua, ni kwamba ch isibadilishwe. Vitabu ni vingi mno, majina ya watu na mahali ni mengi mno, na faida ni ndogo. Lakini nisingependa tuendelee kuwafundisha walimu wa kesho kwamba tahajia ya Kiswahili ni herufi moja kwa sauti moja. Waambiwe kwamba ch ni herufi moja yenye maumbo mawili, ambayo haikatwi katikati mwisho wa mstari. Na kwamba ni uamuzi, wenye tarehe na wenye wahusika. Walimu wa darasa la kwanza wanaoanza na cha, che, chi, cho, chu wamekwisha kuelewa jambo hilo kuliko vitabu vingi vya sarufi.

Ajabu ni kwamba C imekuwa ikijikomboa yenyewe bila ruhusa ya kamati yoyote. Chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kutokana na kuungana kwa TANU na ASP kinaitwa Chama cha Mapinduzi, na kifupisho chake ni CCM. Kwa kanuni ya kwamba ch ni herufi moja, kilipaswa kuwa na ch mbili. Lakini H zote mbili ziliangushwa na hakuna aliyelalamika, na C mbili zilisimama peke yake katika kifupisho kilichoenea kuliko vyote nchini. Chama cha Walimu nacho ni CWT. Vifupisho vinavyosomwa kama neno hufanya kinyume: CHADEMA na CHAUKIDU zimeshika H yao kwa sababu bila hiyo msomaji asingejua aanzeje. Hapo kuna kanuni kamili ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha tahajia nilichokisoma: C hutosha inapotajwa kwa jina lake, huhitaji H inapotamkwa kwa sauti yake. Nawapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kuichunguza katika vifupisho vya vyama vya michezo, ambavyo ni vingi na vimepuuzwa.

Na jina lake ni lipi? Si si-si-em ndivyo tunavyosema, kwa jina la Kiingereza la herufi, kama tunavyosema vitamini si. Jina hilo limezaa jambo ambalo sisi wazee huliona katika simu za wajukuu na kulikunjia uso. Vijana huandika cjui kwa sijui, ctaki kwa sitaki, cpendi kwa sipendi. Nilidhani awali kwamba wameteua alama maalumu ya kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza, jambo ambalo lingekuwa la kimofolojia na la kuvutia sana. Lakini huandika pia cku njema, wakimaanisha siku, na cc kwa sisi, ambamo hakuna ukanushi wowote. C kwao ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake, si. Herufi ambayo kwa miaka 100 na zaidi haikuruhusiwa kusimama bila H, sasa kwa vijana inasimama bila hata irabu.